Mnyonya Damu na Alama ya Kaini

Somo: Mwanzo 4:1–16, Waebrania 12:22–24



Somo la Kaini na Habili twalijua tangu darasa la Kipaimara, na pengine kwa sababu hiyo twalisoma upesi mno. Mwezi huu tumependa kulirudia polepole, nasi tutaliingia kwa mlango ambao baadhi ya wazee wetu hawatapenda kutuona tumesimama mbele yake, yaani mlango wa kibanda cha sinema.

Waijuao Mlali wajua jinsi njia itokayo Morogoro ipitavyo hapa kabla ya kupanda milimani kwenda Mgeta, na jinsi malori ya kabichi na viazi yateremkavyo yakielekea mjini. Penye njia hapakosi watu, na penye watu hapakosi mtu wa kuwaburudisha kwa ujira. Kwa miaka mingi sasa, katika nchi yetu nzima, burudani hiyo imekuwa kibanda: kuta za mabati, mabenchi machache, televisheni juu ya meza, na giza. Vijana wamekiita kibanda umiza, nao wana haki, maana joto lake huumiza kweli.

Jumamosi moja alasiri tulikwenda huko kuwatafuta vijana wawili waliokuwa wameacha kuja kwenye mafundisho. Tuliwaona katika benchi la mbele. Tukawapungia mkono watoke. Nao wakasogea, wakatuonyesha nafasi ya kuketi. Tukaketi, tukisema moyoni kwamba tutangoja kidogo, isije ikaonekana tumekuja kwa ugomvi. Tukatoka sinema ilipokwisha. Nasi twakiri mbele yenu, kama tulivyokwisha kukiri mbele za Mungu, kwamba tulifurahi. Hata kiingilio tulilipa.

Sinema yenyewe ni ya Kimarekani, jina lake Blade, ya mwaka 1998. Si mpya, lakini vibandani sinema haizeeki. Mtu wake mkuu, ambaye vijana humwita stelingi, alionekana kwanza katika kitabu cha hadithi za picha mwaka 1973. Katika sinema yachezwa sehemu yake na Wesley Snipes, Mmarekani mweusi, aliyevaa koti refu na kubeba upanga. Mama yake aliumwa na mnyonya damu hali ana mimba, naye mtoto akazaliwa nusu mtu, nusu mnyonya damu. Tangu hapo kazi yake ni kuwawinda wanyonya damu na kuwaua. Nao si mizimu ya makaburini. Ni matajiri wenye majumba na walinzi, hata katika polisi wana watu wao, tena wamejificha katikati ya wenyeji wa mji wala hawajulikani kwa urahisi. Mfasiri alitueleza yote kwa Kiswahili, sauti yake ikipita juu ya Kiingereza, pamoja na mizaha yake mwenyewe, kama ilivyo desturi ya kazi hiyo ambayo Lufufu wa Dar es Salaam alijipatia sifa nyingi kwayo. Na mfasiri wetu wa siku ile hakumwita adui kwa jina la Kizungu. Alimwita mumiani.

Hapo kibanda kizima kilicheka, tena kicheko cha watu walioguswa mahali panapojulikana.

Maana mumiani si mgeni Uluguru. Neno hilo asili yake ni Uajemi, nalo lilikuwa jina la dawa. Kamusi ya mmisionari Krapf, iliyochapishwa mwaka 1882, yalitaja tayari kuwa ni dawa ambayo watu wa pwani walidhani Wazungu huitengeneza kwa damu ya mtu. Wakati wa utawala wa Waingereza habari hizo zilienea toka pwani hadi bara: mumiani ana gari, ana shimo, ana sindano, huwakamata watu usiku akawatoa damu. Nairobi na Kampala walisema ni wazimamoto. Huko Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, hata mapadre wa Kikatoliki walishukiwa katika miaka ya 1930. Wazee wetu wa milimani walisimuliwa haya wangali watoto, wakaonywa wasionekane njiani jua likizama. Wataalamu wameandika vitabu juu ya jambo hili, na wengine wao husema kwamba watu walikuwa wakiitaja kwa mfano kweli waliyoijua sana, kwamba wako waishio kwa nguvu za wengine. Hatukatai. Ndiyo sababu, twadhani, adui wa Blade alieleweka kibandani bila maelezo marefu: tajiri aliyewatia polisi mfukoni mwake. Na wenzetu wa Dar es Salaam, walipoanza kutengeneza sinema zao wenyewe, hawakukawia kuishika njia ya mambo ya kutisha. Nsyuka ilitoka mwaka 2003 nayo ikapata watazamaji wengi.

Sasa, wako ndugu waliotuambia kwamba wazee wa kanisa wavikataze vibanda. Twakumbuka kwamba wamisionari walikataza ngoma, na ngoma zikaendelea kuchezwa ng'ambo ya mto, na wanakwaya wakazijua nyimbo zake zote. Kukataza ni rahisi, kwa kuwa kwamwachilia mkatazaji asijiulize neno. Wengine husema ubaya wa sinema hizi ni wingi wa damu. Ni kweli ni nyingi. Mwanzoni mwa Blade yamwagika toka darini kama mvua juu ya watu wanaocheza dansi. Lakini mtu aliyechinja kuku wa Krismasi tangu utoto wake hatishwi sana na damu. Wengine tena husema watoto wataota ndoto mbaya. Wataota, kisha wataamka.

Sisi tuliona jambo jingine, wala hatukuliona kibandani, bali usiku ule nyumbani, tulipojaribu kukumbuka ni wangapi waliouawa mbele ya macho yetu. Hatukuweza. Katika sinema ile mnyonya damu akichomwa kwa chuma cha stelingi haachi maiti. Huwaka mara moja, akageuka majivu, nayo majivu yakapeperuka. Hakuna wa kuzikwa. Hakuna mjane, hakuna matanga, hakuna mtoto aulizaye baba yuko wapi. Hata cha kufagia hakuna. Stelingi hasimami kuhuzunika, wala sisi hatusimami. Twamngoja mwingine atokee. Na hapo ndipo ulipo utamu wenyewe, ndugu zetu, ambao hatukuutambua tulipokuwa tukiula. Sisi sote twaijua chuki, na twaijua aibu ifuatayo chuki. Sinema hii hutupa ile ya kwanza na kutuondolea ile ya pili. Kwa muda wa saa mbili twapewa adui asiye na mama.

Lakini tuitendee haki. Stelingi mwenyewe ana kiu ya damu ndani yake, na hana budi kutumia dawa kila mara ili asiwe kama wale anaowaua. Martin Luther alifundisha kwamba Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi pamoja, nasi tulipoona dawa ile ikiingia shingoni mwa shujaa tulifikiri kwamba hapa watengenezaji wa sinema wamesema kweli kuliko walivyokusudia. Ila ni wachache kibandani waliojali neno hilo. Walingoja upanga.

Kama jambo hili lingekuwa la kibandani tu, tusingalilitia katika gazeti la kanisa. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, katika mkoa jirani wetu wa Dodoma, walifika watafiti wawili pamoja na dereva wao, watumishi wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian kilichoko Arusha. Walikuja kuchunguza udongo. Yowe likapigwa kwamba ni wanyonya damu. Habari zilizochapishwa siku zile, zikitaja maneno ya polisi, zilisema kwamba kiongozi wa kanisa mmoja aliutangaza wito huo kwa kipaza sauti. Watu wakakusanyika, wakawaua wote watatu, wakawatia moto.

Mwaka uliofuata, 2017, hofu ile ile iliingia kusini mwa Malawi, katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Huko nako watu waliuawa kwa kushukiwa, hata Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake kwa muda.

Hatusemi kwamba sinema iliwaua wale watatu. Habari za mumiani ni za zamani kuliko televisheni, na walioua hawakuhitaji kufundishwa na Wamarekani. Twasema hivi tu, kwamba kile tulichokifurahia benchini na kile kilichotendeka Iringa Mvumi vyatoka chungu kimoja. Mtu hawezi kumchoma moto mgeni aliyekuja na jembe na mfuko wa kutilia udongo. Hawezi, mkono wake utakataa. Sharti kwanza mgeni huyo aondolewe utu wake, apewe jina jingine, na jina likiisha kukubaliwa mkono haukatai tena. Wala wale watatu hawakupeperuka kama majivu ya sinema. Kila mmoja alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake, na kwao walingojwa warudi.

Tena neno la kipaza sauti halituachi. Sisi wainjilisti na walimu wa makanisa tumepewa kengele, na siku hizi tumepewa spika zinazosikika mpaka ng'ambo ya bonde. Watu wakisikia sauti kutoka upande wa kanisa husadiki kabla ya kuuliza. Katika Katekisimo Ndogo, kwenye amri ya nane, Luther hakutosheka kutukataza tusimsingizie jirani; alitutaka tumtetee, tumseme vema, na yote yanayomhusu tuyageuze upande ulio mwema. Wengi wetu twaikariri vizuri. Lakini je, gari geni likisimama shambani kwa jirani, na mama mmoja akaja akihema kutuambia kwamba wamekuja wale, nani kwetu atauliza kwanza, "Wale akina nani, mama? Umewasalimu?" Tumejiuliza sisi wenyewe, wala hatukuwa na jibu la haraka.

Yafaa pia tukumbuke kwamba jina hilo tumewahi kuitwa sisi. Wakristo wa kwanza walikutana kabla ya mapambazuko, wakasema habari za kula mwili na kunywa damu, na majirani zao waliosikia nusu ya maneno wakamaliza nusu ya pili wenyewe. Mwaka 177 Wakristo wa Lyon, katika nchi iitwayo leo Ufaransa, walishtakiwa kwamba hula watu; wengi wakauawa, miili yao ikachomwa, na majivu yakatupwa mtoni. Tertullian wa Karthago, mnamo mwaka 197, aliandika kitabu kizima cha utetezi, na ndani yake alilazimika kujibu shtaka la kwamba Wakristo huua mtoto mchanga na kumla. Basi kila tunaposogea kwenye meza ya Bwana na kupokea kikombe, twasimama mahali waliposimama watu walioitwa wanyonya damu. Twashangaa jinsi jambo hili linavyohubiriwa mara chache.

Na sasa turudi kwenye somo. Ndugu wawili walikuwa shambani. Mmoja akamwinukia mwenziwe. Biblia haituonyeshi pigo lenyewe, yatuonyesha lililofuata. Mungu amwambia Kaini kwamba damu ya ndugu yake yalia kutoka ardhini, na kwamba ardhi imefumbua kinywa kuipokea. Angalieni neno hilo. Katika Maandiko Matakatifu mnywaji wa kwanza wa damu si mzimu, wala si tajiri, wala si mgeni mwenye gari. Ni udongo, nao hukuomba kunywa. Ulinyweshwa na mkulima aliyeulima. Udongo wetu wa Mlali nao umekwisha kunyweshwa, maana mwishoni mwa Agosti 1916 wapanda farasi wa Afrika Kusini katika jeshi la Waingereza walipigana hapa na jeshi la Wajerumani, na waliokufa hawakuwa wa rangi moja. Twalima juu yake. Na wale watatu wa Iringa Mvumi walikuja kuuchunguza udongo, wakamwagwa juu yake. Hatuwezi kulisoma fungu hili tena bila kuwakumbuka.

Lakini kilichotushangaza zaidi ni lile fungu la kumi na tano. Kaini ahukumiwa, alia kwamba kila atakayemwona atamwua. Na sisi, tuliokwisha kutazama sinema, twajua la kufuata: sasa muuaji apatikane, apigwe, apeperuke. Bwana hakufanya hivyo. Alimtia Kaini alama ili mtu yeyote amwonaye asimwue.

Kila hadithi ya mnyonya damu ina alama zake: meno yake, kuogopa jua, gari jeusi, sindano. Na alama hizo zote zina kazi moja, kumtambulisha ili auawe. Alama ya Kaini yatambulisha pia, wala haimfichi muuaji. Kila amwonaye ajua ni nani. Ila kazi yake ni kuuzuia mkono wa amwonaye. Tena huyu si mtu aliyesingiziwa. Huyu ameua kweli, na damu yenyewe imemshuhudia mbele za Mungu. Ikiwa aliye na hatia ya damu ametiwa alama ya kulindwa, tumseme nini yule tuliyemdhania tu kwa kuwa amekuja na viatu vya mjini?

Mtu atatuuliza, na swali lake si la kipuuzi: je, hakuna wabaya kweli? Wako. Nchi yetu imeona watu wenye ualbino wakiuawa kwa ajili ya viungo vyao, na waliofanya hayo walikuwa watu wenye mwili, si mumiani wa hadithi. Kwa hao kuna polisi na mahakama, ambazo mtume Paulo atwambia katika Warumi 13 zimewekwa na Mungu. Polepole zilivyo, twazipenda kuliko yowe. Yowe halina siku ya kusikiliza utetezi. Na mtu aliyekwisha kuchomwa hana rufani.

Mwandishi wa Waebrania asema kwamba tumefika kwenye damu inayonena mema kuliko ile ya Habili. Ya Habili yalia, nayo ina haki ya kulia, na Mungu huisikia. Asifikiri mtu kwamba kilio cha Iringa Mvumi kimesahauliwa mbinguni. Lakini iko damu nyingine ambayo haikunyonywa na mtu, wala haikuporwa usiku; yeye mwenyewe aliitoa, akaiweka katika kikombe mbele ya kumi na wawili, na mmoja wao alikuwa Yuda. Mnyonya damu wa hadithi huwanywa wengine apate kuishi. Huyu alitoa yake, akawaambia wale walioketi naye wanywe wote. Hakumruka hata mmoja.

Wale vijana wawili walirudi kwenye mafundisho, labda kwa sababu waliona tumeshindwa kuwakemea. Tuliwasomea somo hili kama tulivyowaandikia ninyi, tukawaeleza habari za Iringa Mvumi, maana walikuwa hawajazisikia. Wakakaa kimya. Kisha yule mdogo akauliza kama kutazama Blade ni dhambi. Tukamwambia aende akaitazame tena akipenda, ila kila adui atakapogeuka majivu ajiulize mama yake ni nani na leo jioni anamngojea wapi.

Juma lililofuata alirudi akilalamika kwamba tumemharibia sinema. Mwenziwe alisema yeye hakuharibiwa neno, ila hakufika mwisho. Mvua kubwa ilishuka toka milimani, umeme ukakatika, na mwenye kibanda akakataa kuwarudishia kiingilio.